Simbilisi akiacha kula, mwangalie meno kabla ya kumwongezea pumba

Wiki hii tunamzungumzia mgonjwa asiyeweza kusema anaumwa wapi. Ni simbilisi, yule mnyama mdogo asiye na mkia ambaye watoto humlea kwenye boksi au banda dogo nyuma ya jiko. Mikoa ya Iringa na Njombe wanamfahamu vizuri, na huko wengi humfuga kwa kitoweo. Wapo wanaomchanganya na pimbi wa kwenye mawe, lakini hao ni wanyama wawili tofauti. Asili ya simbilisi ni milima ya Andes, Amerika Kusini.

Kama mzazi, huenda siku moja mtoto wako atakuja kukuambia: "Mama, simbilisi wangu hataki kula." Usimjibu kwamba ameshiba, wala usiseme utamwangalia kesho. Simbilisi aliyekaa siku nzima bila kula yuko kwenye hatari. Tumbo lake limeumbwa kufanya kazi muda wote, na chakula kisipoingia utumbo husimama, gesi hujaa na ini huanza kuharibika. Moja ya sababu kubwa za kuacha kula ni meno.

Chukua mfano wa Mpwapwa. Mvua huko huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na hukatika karibu na Aprili. Ikifika Septemba, nyasi zilizo chini ya milima ya Kiboriani zimekauka. Mtoto aliyekuwa akikata ukoka kila jioni hana pa kukata, kwa hiyo anaanza kumpa mnyama wake pumba za mahindi na makombo ya ugali. Mnyama anakula na tumbo linajaa, lakini amekosa vitu viwili kwa pamoja: cha kusugulia meno, na vitamini C.

Meno yasiyoacha kukua

Simbilisi ana meno 20: manne ya mbele na magego 16. Yote yanakua maisha yake yote, kama kucha zako. Anayapunguza kwa kutafuna majani yenye nyuzi ngumu, kwa saa nyingi kila siku. Pumba na ugali ni laini, hauhitaji kusaga sana, kwa hiyo meno hurefuka.

Magego ya chini yameinama kuelekea ulimini. Yakirefuka hukutana katikati ya kinywa na kuufunika ulimi kama daraja, na mnyama hushindwa kumeza hata kama ana njaa. Magego ya juu hurefuka kuelekea nje na kuchoma mashavu kwa ndani. Yote hayo hutokea nyuma kabisa ya kinywa. Unaweza kutazama meno ya mbele ukaona yako sawa, kumbe tatizo liko nyuma.

Dalili za kuangalia ni hizi:

- Anakimbilia chakula, anakishika, kisha anakidondosha.
- Anachagua vilaini na kuacha majani magumu.
- Kidevu na shingo vimelowa mate.
- Anatafuna upande mmoja, au anatafuna polepole huku akijinyoosha shingo.
- Kinyesi kimekuwa kidogo, au hakuna kabisa.
- Jicho moja linatoa machozi au limetokeza, au taya lina uvimbe. Hii yaweza kuwa mzizi wa jino uliorefuka au jipu.
- Uzito unapungua.

Dalili ya mwisho ndiyo inayoonekana mapema kuliko zote, lakini manyoya huificha. Mpime kwa mizani ya jikoni mara moja kwa wiki na mwambie mtoto aandike kwenye daftari. Simbilisi wa gramu 700 akishuka hadi 630, amepoteza sehemu ya kumi ya mwili wake. Hapo hakuna tena cha kusubiri.

Kiseyeye

Wanyama wengi hutengeneza vitamini C ndani ya miili yao. Simbilisi hawezi, na binadamu pia hawezi. Mwaka 1907 watafiti wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka tupu wakaona wakipata kiseyeye, ugonjwa uleule uliokuwa ukiwaua mabaharia. Ugunduzi huo ulisaidia sana baadaye, vitamini C ilipokuja kutambuliwa katika miaka ya 1930.

Simbilisi mwenye kiseyeye hutokwa damu kwenye fizi, meno hulegea, viungo huvimba, na humuuma akishikwa. Anahitaji miligramu 10 hadi 30 za vitamini C kwa kila kilo ya uzito wake, kila siku. Kipande cha pilipili hoho cha gramu 20 kinamtosha simbilisi wa kawaida.

Mgonjwa asiyeweza kutafuna hoho, mpe kidonge cha vitamini C pekee. Robo ya kidonge cha miligramu 100 ni miligramu 25. Iponde na uichanganye na chakula chake. Usitumie vidonge vya vitamini mchanganyiko, kwa sababu vitamini A na D zikizidi humdhuru. Usiiweke kwenye maji ya kunywa pia, maana huharibika haraka na huwezi kujua amekunywa kiasi gani.

Kwa mzazi wa ukanda huu kuna somo hapohapo. Mlenda uliokaushwa juani huokoa familia wakati wa kiangazi, lakini sehemu kubwa ya vitamini C yake hupotea kwa jua. Ubuyu wenyewe hubaki nayo kwa wingi. Mtoto akinywa maji ya ubuyu yasiyojazwa sukari, amepata anachokikosa kwenye mboga kavu. Akiendelea kutokwa damu kwenye fizi, mpeleke kwa daktari wa meno, kwani mara nyingi chanzo ni uchafu ulioganda kwenye meno.

Mlishe leo, huku ukitafuta daktari

Simbilisi aliyeacha kula hulishwa kwa mkono. Huhitaji vifaa vya gharama. Nunua bomba la sindano lisilo na sindano, la mililita 1 au 2, duka la dawa. Kama chakula ni kizito, kata ncha yake na ulainishe ukingo usimkwaruze.

Chukua chakula cha sungura cha punje, kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, kisha ukiponde kiwe uji mwepesi. Ukikikosa, twanga majani makavu safi kwenye kinu, chekecha upate unga laini, uchanganye na maji na majani mabichi yaliyosagwa. Vitamini C itie mwishoni, uji ukishapoa.

Usimpe uji wa lishe wala maziwa. Najua ndicho kinachokuja akilini kwanza kwa sababu ndivyo tunavyomuuguza mtoto, lakini wanga na sukari huvuruga tumbo la simbilisi. Chakula cha kuku pia hakimfai: kina nafaka nyingi, na huenda kina dawa zilizotiwa kwa ajili ya kuku.

Asiyekula kabisa anahitaji mililita 50 hadi 80 za uji kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye gramu 600, basi, ni mililita 30 hadi 48 kwa siku nzima. Gawanya mara tano au sita, usiku ukiwemo.

Mweke mapajani juu ya taulo, mgongo wake ukiegemea tumbo lako. Ingiza bomba kwa pembeni, nyuma ya meno ya mbele, na utoe nusu mililita tu. Subiri atafune na kumeza kabla ya kuongeza. Usimlaze chali, kwani uji unaweza kuingia kwenye mapafu. Ukimaliza mpe maji kwa njia hiyohiyo, kisha umfute kidevu kikauke, maana ngozi inayokaa na mate huchubuka. Ukiona hamezi kabisa, acha na umpeleke kwa daktari mara moja.

Usifanye haya mawili

La kwanza, usikate meno nyumbani kwa koleo wala kikata kucha. Jino hupasuka hadi kwenye mzizi, na jipu hufuata. Isitoshe, meno ya mbele yakiwa marefu mara nyingi ni kwa sababu magego yanamzuia kufunga kinywa sawasawa. Utakuwa umekata dalili na kuacha ugonjwa.

La pili, usimpe dawa iliyobaki baada ya mtoto kuumwa. Amoksilini, ampisilini na penisilini zikipita kinywani mwa simbilisi huua bakteria wazuri wa utumbo wake, na wale wabaya huzaliana na kutoa sumu. Anaweza kufa ndani ya siku chache kwa dawa ambayo mtoto wako aliinywa ikamponya. Zipo dawa salama kwake, za maambukizi na za maumivu, ila daktari ndiye wa kuzichagua na kupima dozi kwa uzito.

Wapi pa kwenda

Mpwapwa ni mji wenye historia ndefu ya tiba ya mifugo. Kituo cha utafiti wa mifugo kilianza huko mwaka 1905, enzi za Wajerumani. Leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania (TALIRI), na Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo (LITA) ana kampasi hapo. Ipo hata aina ya ng'ombe yenye jina la mji huo. Lakini ujuzi huo mwingi ni wa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Anza kwa afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo wa wilaya, na umuulize wazi: je, amewahi kutibu meno ya sungura au simbilisi?

Kusawazisha magego kunahitaji dawa ya usingizi, kifaa cha kushikilia kinywa wazi na tupa maalumu. Wakati mwingine eksirei huhitajika kuona mizizi. Vifaa hivyo visipopatikana wilayani, omba rufaa kwenda hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Safarini mweke kwenye boksi lenye matundu na majani ndani, mbali na jua, na uendelee kumlisha. Usimfungishe kabla ya dawa ya usingizi kama mgonjwa wa binadamu, isipokuwa daktari akuambie.

Ujue pia kwamba meno yaliyopinda mara nyingi hurudia. Wapo wanaohitaji kusawazishwa kila baada ya wiki au miezi kadhaa, maisha yao yote. Muulize daktari gharama na matumaini kabla hujaanza. Mizizi ikiwa imeoza na maumivu hayatulii, anaweza kushauri mnyama alazwe asiamke. Likifika hapo, mwambie mtoto ukweli kwa maneno mepesi. Usimwambie simbilisi ametoroka. Mtoto aliyeambiwa hivyo hubaki akimtafuta.

Chakula cha kila siku

Akishaanza kutafuna mwenyewe, mpe hoho iliyokatwa vipande vyembamba na majani laini yaliyokatwakatwa, kisha umrudishe kwenye nyasi taratibu. Simbilisi mzima anapaswa kuwa na nyasi mbele yake saa zote. Mvua inapokwisha, mwezi Aprili au Mei, kata nyasi zikiwa bado na kijani, zikaushe kivulini na uzihifadhi palipo pakavu. Gunia kadhaa hulinda meno yake hadi Desemba. Nyasi zenye ukungu zitupe.

Tembele na maganda mabichi ya mahindi yanamfaa. Sukuma wiki na mchicha viwe kidogo. Epuka kisamvu kibichi, majani ya nyanya na ya viazi mviringo, vitunguu na parachichi. Lusina, ambayo wafugaji huipanda kwa ng'ombe na mbuzi, ina sumu iitwayo mimosini, usimlishe.

Mkumbuke na mtoto

Simbilisi anaweza kubeba vijidudu vya salmonela na fangasi wanaoleta mapunye. Mtoto anawe mikono kwa sabuni kila akimshika, na aliye chini ya miaka mitano asiachwe naye peke yake. Bomba la kumlishia mnyama lisichanganywe kamwe na lile la kumpimia mtoto dawa. Litie alama na uliweke mbali. Mtoto aking'atwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mpeleke kituo cha afya.

Jioni ya leo, kama nyumbani kuna simbilisi, mpime uzito na uangalie kidevu chake kama ni kikavu. Mwekee majani, ukae dakika tano umtazame anavyotafuna. Akitafuna vizuri, andika uzito huo kwenye daftari. Akidondosha chakula, kesho asubuhi mpigie afisa mifugo, na usiku huuhuu anza kumlisha kwa bomba.