Malipo kwa Simu na Haki ya Mwenye Noti

Tangu mwaka 2019, huduma ya m-GURUSH ilipoanzishwa nchini Sudan Kusini, wakazi wa Juba wamekuwa wakizoea kulipa na kupokea fedha kwa simu. Jina lenyewe halikuwa geni. Gurush katika Kiarabu cha Juba ni fedha. Lililo geni ni dhana inayozidi kuenea kwamba asiye na simu janja hana budi kuinunua, la sivyo atabaki nje ya soko.

Dhana hiyo yafaa ichunguzwe, hasa na askari wa jeshi na polisi. Mishahara yao ilichelewa kwa miezi mingi katika miaka ya 2023 na 2024, na jamaa zao aghalabu wako mbali na Bilpam na Buluk.

Yafaa ieleweke kwamba fedha haimo ndani ya simu. Hesabu ya kila mteja hutunzwa katika mitambo ya kampuni. Laini na namba ya siri ndizo zinazomtambulisha mwenyewe. Ndiyo maana simu ikitumbukia katika mto Nile, fedha haizami nayo. M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwezi Machi 2007, simu janja zilikuwa chache mno. Watu walitumia simu ndogo za vitufe, na maagizo yao yalipita katika mtandao wa kawaida wa simu, pasipo intaneti. Njia hiyo ingali ikitumika hata Juba. Simu janja ni ya lazima kwa programu za mabenki na mambo mengine ya namna hiyo, wala si kwa kumpelekea mama fedha ya unga huko Torit. Anayemshauri askari auze mbuzi ili anunue simu janja kwa ajili hiyo anamtia hasara bure.

Hata hivyo shinikizo lina chanzo chake. Mwaka 2025 noti ziliadimika Juba, na wenye akiba benki waliondoka dirishani mikono mitupu. Malipo ya simu yakawa kimbilio. Lakini mfanyabiashara anayepokea fedha ya simu naye hutaka noti, na asipozipata kwa urahisi humpandishia bei mteja. Kwa hiyo mnyonge hulipa mara mbili: kwanza kifaa, kisha nyongeza ya bei.

Nigeria ilikwisha yaona hayo mapema mwaka 2023, noti mpya zilipokosekana huku za zamani zikiondolewa. Mwezi Machi mwaka huo Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo iliamuru noti za zamani ziendelee kutumika. Nako Norway, nchi tajiri ambako karibu kila mtu ana simu janja, sheria iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024 iliimarisha haki ya mnunuzi kulipa kwa noti dukani.

Hapa Sudan Kusini haja hiyo ni kubwa zaidi. Yako malindo yasiyofikiwa na mtandao, na mahali pengi simu huchajiwa kwa malipo katika vibanda vya jenereta au sola. Askari wa huko akilazimishwa kupokea kila kitu kwa simu, atamkabidhi mwenzake anayekwenda mjini laini yake pamoja na namba ya siri. Fedha ikipotea hapo, kampuni itasema kwamba namba ilikuwa sahihi.