Binti na Kipaza Sauti: Karaoke Kutoka Kobe Hadi Juba

Jioni inapoingia mjini Juba na jua kushuka nyuma ya Jebel Kujur, wenye nafasi huzitafuta bustani za hoteli zilizo kando ya Mto Nile. Humo, mara moja moja, spika hutolewa nje, runinga huwashwa, na mtu yeyote hukaribishwa kushika kipaza sauti aimbe wimbo maarufu ambao sauti ya mwimbaji wake imekwisha ondolewa, ikabaki ala peke yake, huku maneno yakimpitia machoni mstari baada ya mstari. Mchezo huo ndio uitwao karaoke. Ndugu askari aliyepata kwenda likizo Kampala, Nairobi au Dar es Salaam anaufahamu vema. Na hapana shaka anafahamu pia kwamba meza zote hunyamaza pale asimamapo msichana.

Kwa nini zinyamaze? Wako wanaoisikiliza sauti. Wengine, tuseme kweli, hutazama zaidi ya kusikiliza. Na wako ambao hukumu yao huwa tayari hata kabla ya ubeti wa kwanza, yaani kwamba binti asimamaye usiku mbele ya wanaume akaimba hana kwao. Makala haya yahusu hukumu hiyo kama yahusuvyo muziki, maana wasomaji wetu ni watu waliopewa na dola uwezo wa kukamata.

Neno karaoke ni la Kijapani. Kara maana yake tupu, na oke ni kifupisho cha okestra. Basi ni okestra isiyo na mwimbaji. Mjini Kobe, katika mwaka 1971, mwanamuziki aitwaye Inoue Daisuke alikuwa akipata riziki yake kwa kuwapigia muziki wateja wa vilabu waliopenda kuimba. Mteja wake mmoja, mkubwa wa kampuni, alimtaka afuatane naye safarini. Inoue hakuweza kwenda, akampigia nyimbo zile na kuzinasa katika ukanda. Kutokana na ukanda huo akapata wazo la mashine ya kutumbukiza sarafu ya yeni 100. Yeye na wenzake wakaunda mashine 11 za kwanza na kuzikodisha kwenye mabaa. Fundi mwingine, Negishi Shigeichi wa Tokyo, alikuwa ameunda chombo cha namna hiyo tangu mwaka 1967. Inoue hakuomba hataza, na utajiri mkubwa ukawaendea wengine. Malipo aliyoyapata ni ya namna yake: mwaka 2004 alitunukiwa huko Marekani ile Nobel ya mzaha, katika fungu la amani, kwa kuwapa watu njia mpya ya kujifunza kuvumiliana. Aliyepata kumsikiliza sajenti mlevi akiimba ataiona maana yake.

Mwanzoni mchezo huu ulikuwa wa wanaume na wa mahali pa pombe. Waajiriwa wa makampuni walikwenda baada ya kazi, wakaimba enka, nyimbo za huzuni zenye bandari, mvua, theluji na mapenzi yaliyovunjika. Enka nyingi husema kwa kinywa cha mwanamke, hata mwimbaji anapokuwa mwanamume mwenye ndevu. Ishikawa Sayuri alikuwa bado binti alipopata sifa nchi nzima mwaka 1977 kwa wimbo wa mwanamke anayevuka mlangobahari wa Tsugaru wakati wa baridi, na hadi leo wimbo huo ni mtihani kwa wasichana wanaojiamini koo.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na kontena. Mwaka 1985, katika mkoa wa Okayama, mtu mmoja alichukua kontena la mizigo, akaligeuza kuwa chumba cha kuimbia na kulikodisha kwa saa. (Wakazi wa Juba hawatashangaa, baada ya amani ya 2005 hoteli kadhaa za mji huo zilikuwa mahema na makontena.) Vyumba hivyo vikaenea Japani nzima. Ndipo wanafunzi wa kike na makarani wa maofisini walipoupata mchezo huu kuwa wao. Mlango ulifungwa, mlevi hakuingia, na aliyekosea alichekwa na shoga zake tu.

Nyimbo nazo zikabadilika. Wasichana wakaimba za Matsuda Seiko, aliyeanza kutoa santuri mwaka 1980. Mwaka 1999 Utada Hikaru, binti wa miaka 16, alitoa albamu iitwayo First Love, ambayo haijapata kupitwa kwa mauzo nchini Japani, na wimbo wenye jina hilo ukawa haukosekani vyumbani humo. Waimbaji wawili wa kike kutoka Okinawa wajiitao Kiroro walitoa mwaka 1998 wimbo wa binti kwa mama yake. Huo hupendwa kwa sababu mbili: hauendi juu mno, na humruhusu mtu kulia bila ya kuona haya. Aliyeshindwa kufikia sauti ya juu hubonyeza kitufe tu, na mashine humshushia muziki wote ngazi moja au mbili, ala zifuate koo lake badala ya koo kufuata ala.

Lakini mlango wa chumba hufunga pia kwa ndani. Karani mdogo wa kike aliyekwenda na wakubwa wake alitakiwa kuimba nao kwa zamu, bwana na binti, bega kwa bega, apende asipende. Akikataa, ameharibu furaha ya ofisi. Jambo hilo lilizidi hata mamlaka ya Japani inayosimamia watumishi wa serikali, katika kanuni zake zilizoanza kutumika mwaka 1999, ikalitaja waziwazi: kumlazimisha mtumishi aimbe karaoke ya wawili ni mfano mmojawapo wa udhalilishaji wa kijinsia. Msomaji asicheke. Katika jeshi na polisi, ambako neno la mkubwa ni amri na askari wa kike aghalabu ni wachache, "Binti, hebu tuimbie" yaweza kuwa ombi, na yaweza kuwa jambo jingine kabisa. Tofauti iko katika kile kitakachompata asubuhi yake, kwenye gwaride, endapo atajibu kwamba leo hapendi.

Kwamba mwanamke anaweza kuimba akiwa amevaa magwanda, na heshima ya magwanda isipungue, Wajapani wenyewe wameonyesha. Mwaka 2009 bendi ya Tokyo ya jeshi lao la majini ilimwajiri Miyake Yukari, msichana aliyesomea uimbaji, awe mwimbaji kwa cheo na kwa mshahara. Mwaka 2013 albamu yake ya kwanza ilishika nafasi ya juu kabisa katika orodha ya muziki wa aina yake. Hakuna aliyemwita mhuni, alipigiwa saluti.

Juba na Japani si wageni. Wahandisi wa jeshi la Japani walikuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa mjini humo tangu mwaka 2012 hadi Mei 2017, wakitengeneza barabara. Daraja la Uhuru, lililojengwa kwa msaada wa Japani juu ya Nile na kufunguliwa Mei 2022, lilichelewa kwa miaka kwa sababu ya mapigano ya 2013 na 2016. Katika majuma yaliyofuata Desemba 2013 usiku wa Juba ulikuwa wa amri ya kutotoka nje, na hakuna hoteli iliyokuwa na haja ya kipaza sauti. Mtu akisikia leo wasichana wakiimba ng'ambo ya ukuta, anasikia pia kwamba bunduki zimenyamaza usiku huo.

Mji huo una kumbukumbu nyingine inayowagusa polisi. Mnamo Oktoba 2008 wasichana waliokuwa wamevaa suruali za kubana walikamatwa mjini Juba kwa madai ya kuharibu adabu. Viongozi wa serikali ya Sudan Kusini ya wakati ule, wakiwamo wanawake, walikasirika, na mabinti wakaachiliwa. Ilikuwa miaka mitatu tu baada ya vita ambavyo wanawake walibeba mizigo, waliuguza majeruhi, na waliimba ili wapiganaji wasivunjike moyo. Koo lililosifiwa porini halikupaswa kuulizwa limevaa nini mjini.

Polisi wa zamu ana kazi ya kutosha katika ukumbi wa karaoke bila ya kumgusa mwimbaji. Kuna kelele zinazopita saa iliyoruhusiwa, watoto wanaouziwa pombe, mteja anayemshika mhudumu mkono na kukataa kuuachia, silaha zinazoingia zikiwa zimefichwa kiunoni, na kwa bahati mbaya baadhi ya silaha hizo ni za wenzetu wasio kazini. Binti aimbaye hamo katika orodha hiyo.

Lililobaki ni la muziki wenyewe. Kabla ya vita vya 1983, bendi za Skylarks na Rejaf Jazz zilivuma mjini Juba, na Juba Hotel ilikuwa miongoni mwa mahali pa kucheza. Siku hizi hapahitajiki hata mashine. Simu, spika na intaneti hutosha, na binti wa Munuki au Gudele atapata mara moja ala za wimbo wa Marekani, wa Nigeria, hata huo wa Utada Hikaru. Atafutaye ala tupu za wimbo wa Kibari aliofundishwa na bibi yake ana kazi ngumu zaidi. Inoue hakuzikuta nyimbo zake zimekwisha kuwa tayari mahali fulani; aliketi akazipiga, mmoja baada ya mmoja, akazinasa. Bendi za jeshi na polisi zina tarumbeta, ngoma na watu wanaosoma noti, na siku nyingi kati ya sherehe moja na nyingine.