Wanafunzi na wajumbe walivyopima maji ya mafuriko Dar

Katika mabonde ya Dar es Salaam, mwenye genge au banda la chakula hulitazama wingu kwa jicho la biashara. Mvua ikinyesha sana Pugu, Mto Msimbazi hujaa, na maji hushuka hadi Kigogo na Jangwani kabla ya kuingia baharini karibu na daraja la Salenda. Unga ukilowa, mtaji umekwenda.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini na kuwaacha maelfu bila makazi. Baadhi yao walihamishiwa Mabwepande. Mwaka huohuo, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walikuwa wameingia Tandale pamoja na wakazi wa kata hiyo, wakachora njia, vyoo, visima na mifereji ambayo haikuwemo katika ramani yoyote iliyo wazi kwa umma.

Kazi hiyo ilipanuka mwaka 2015 kupitia mradi wa Ramani Huria, uliosaidiwa na Benki ya Dunia na wadau wengine. Wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizunguka kata moja baada ya nyingine wakiwa na simu, vifaa vya GPS na futi za kupimia, huku ndege ndogo zisizo na rubani zikipiga picha kutoka juu.

Lakini ndege haioni maji ya mwaka jana. Anayeyajua ni mkazi. Kwa hiyo swali liliulizwa kwa lugha ya mtaani: hapa maji yalifika wapi, kifundo cha mguu, goti au kiuno? Jibu lake, likiwekwa kwenye ramani nyumba kwa nyumba, linamwonyesha mhandisi mahali pa kuanzia. Mipaka ya mashina nayo ilichorwa kwa kutembea na wajumbe, maana wao ndio wanaojua shina linaishia kwenye ukuta wa nani. Mifereji ilipimwa upana na kina, na sehemu zilizoziba zikaandikwa.

Kiuchumi, mpango huu una mantiki. Kupima makazi yasiyopangwa kwa kutumia kampuni ni gharama kubwa, na mwanafunzi wa mipango miji ni lazima afanye mafunzo kwa vitendo hata kama hakuna mradi. Chuo kinapata darasa, jiji linapata takwimu, na ramani yenyewe imewekwa OpenStreetMap, ambako yeyote anaweza kuichukua bure.

Hata hivyo, kuna gharama ambayo mara nyingi haionekani katika mahesabu ya miradi ya aina hii. Mjumbe halipwi mshahara. Siku anayotembea na wanafunzi ni siku ambayo duka lake limefungwa au kibarua kimempita. Mtaalamu wa nje hulipwa kwa kuja kuuliza. Anayejibu huambulia soda.

Mkulima wa mchicha na matembele kando ya Msimbazi yuko katika hali ngumu zaidi. Nyumba hubaki pale pale, bustani hubadilika kila msimu. Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne, na mafuriko ya usiku mmoja huondoka na mbegu, samadi na nguvu zake zote. Ramani ya majengo peke yake haimtetei. Suala hili si dogo, kwa kuwa mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, ulioidhinishiwa fedha na Benki ya Dunia mwaka 2022, umewahamisha watu wa bonde la chini kwa fidia, na katika fidia kinachohesabika ni kile kilichoandikwa.

Vyuo vimejaribu kuzuia takwimu zisife mradi unapokwisha. Ardhi, Dar es Salaam, Sokoine na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar vimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Turku cha Finland katika Resilience Academy, ambako takwimu hutunzwa na wanafunzi hufundishwa kuzitumia.

Kutunza, lakini, si kupima upya. Mfereji ulioandikwa mwaka 2015 kuwa uko wazi huenda leo umejaa chupa za plastiki, au mtu ameujengea ukuta juu yake. Vipimo hivyo vinahitaji kurudiwa kabla ya kila masika, na safari hii posho ya mjumbe iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo.