Si Kila Doa la Kichwani ni Damu

Katika hospitali za Kanda ya Ziwa, majeruhi wa kichwa si mgeni. Pikipiki zimeongezeka barabarani, na ajali nazo zimeongezeka. Mgonjwa anapofikishwa Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 kileleni mwa kilima cha Mwanza, akiwa na mkono uliolegea au fahamu zilizopungua, jambo la kwanza linalofikiriwa ni damu iliyovuja kati ya fuvu na ubongo. Fikra hiyo ni ya busara, kwani damu ya namna hiyo huweza kuua kwa saa chache. Lakini busara ikigeuzwa kuwa mazoea, huweza kumpoteza mgonjwa mwingine ambaye hakuanguka wala hakugongwa.

Hapana budi tueleze. Ubongo umefunikwa na tando tatu. Utando wa nje ni mgumu kama ngozi, nao umeshikamana na fuvu. Damu ikivuja chini ya utando huo husambaa juu ya ubongo, na katika picha ya CT huonekana kama mwezi mwandamo: nyeupe ikiwa mbichi, kisha hufifia na kuwa nyeusi kadiri majuma yanavyopita.

Sasa, katika utando huo huo huota pia uvimbe. Ule unaojulikana zaidi ulipewa jina la meninjioma na Harvey Cushing, daktari mpasuaji wa Marekani, mwaka 1922. Aghalabu hukua polepole, si saratani, na huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Kwa kawaida huwa wa mviringo na daktari huutambua. Shida ni ule wa nadra unaotandaa kama mkeka, ambao nao huchora mwezi mwandamo. Vivyo hivyo saratani ya matiti au ya tezi dume ikisambaa hadi kwenye utando, na saratani ya tezi za limfu ikianzia hapo.

Kanda yetu ina sababu ya pekee ya kulizingatia jambo hili. Mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alitangaza habari za uvimbe wa taya za watoto, ambao leo ni saratani ya limfu inayobeba jina lake. Mwambao wa Ziwa Viktoria umo katika ukanda wa joto na malaria ambako saratani hiyo huonekana sana, nayo huweza kufika hadi kwenye tando za ubongo. Dawa yake si kisu, bali ni dawa za saratani. Burkitt hakuwa na mashine za leo. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari wakaenda hospitali kwa hospitali, wakapita na Tanganyika, wakiuliza.

Madhara ya kukosea ni mawili. La kwanza liko chumba cha upasuaji. Damu ya zamani hutolewa kwa matundu madogo ya fuvu, hutiririka kama oili chafu ya gari. Mpasuaji akikuta nyama badala ya damu, humlazimu kulifungua fuvu kwa upana, na uvimbe wa utando huweza kutoa damu nyingi. Kama chupa za damu hazikuandaliwa, mgonjwa yu hatarini.

La pili liko nyumbani. Picha ikisemwa kuwa ni ya damu, na mgonjwa hakuanguka, ndugu huuliza: nani kampiga? Mke hutiliwa shaka, jirani hununiwa, na katika vijiji vyetu bibi kizee asiye na hatia huweza kutajwa. Hivyo kosa la kusoma picha huzaa dhuluma.

Kinga ipo. Kwanza, historia ya mgonjwa ichukuliwe kwa ukamilifu: je, aligongwa? Kichwa kimeuma kwa siku au kwa miezi? Amewahi kupata kifafa, au saratani? Pili, pale hadithi na picha zisipopatana, na hali ya mgonjwa ikiruhusu, picha irudiwe kwa dawa ya mshipani, kwani uvimbe wa utando kwa kawaida hung'aa na bonge la damu halifanyi hivyo. MRI nayo husaidia. Tatu, kipande chochote chenye shaka kilichotolewa kipelekwe maabara, kisitupwe.

Nasi wananchi tuna wajibu. Tueleze ukweli, tusibuni ajali ili kumridhisha mganga. Kisomo kisiwe sababu ya kuchelewesha hospitali. Mficha maradhi kifo kitamuumbua. Tujitolee damu. Tangu Daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025, mgonjwa wa Sengerema au Geita hangoji tena kivuko. Wa Ukerewe bado anasubiri maji. Haifai, baada ya safari hiyo, apokewe na jibu lililokwisha kuandikwa kabla hajaulizwa.

Taifa hili lilitangaza vita dhidi ya ujinga, maradhi na umaskini. Maradhi yakivaa sare ya maradhi mengine, silaha ya kwanza ni swali, nalo halihitaji fedha za kigeni. Kuuliza si ujinga.