Sanduku la barua likigongwa na gari: kwa nini nguzo dhaifu ndiyo salama

Huku kwetu barua hukusubiri posta, kwenye S.L.P. yako, na wewe ndiye unayeifuata. Marekani mambo ni tofauti. Tangu posta yao ilipoanza kupeleka barua mashambani mwaka 1896, watu wengi wa vijijini husimamisha sanduku lao kando ya barabara, na mtu wa posta hulifikia bila kushuka garini. Ndiyo maana sanduku huwekwa karibu kabisa na barabara, kitako chake kikiwa sentimita 104 hadi 114 kutoka usawa wa lami.

Hebu pima urefu huo kwenye gari dogo. Utaangukia pale boneti inapoishia na kioo cha mbele kinapoanza. Shida yote iko hapo.

Gari likiacha njia, bampa hugonga nguzo karibu na usawa wa goti. Nguzo inasukumwa, lakini sanduku lililo juu, kwa sababu ya inesha, linataka kubaki pale pale lilipokuwa. Gari nalo halisubiri: linapita chini yake, na kioo kinalikuta sanduku hewani. Kama limechomoka kwenye nguzo, linaweza kumfikia dereva usoni. Hatari zaidi ni ule mtindo wa kupanga masanduku ya majirani juu ya ubao mmoja mrefu uliolala sambamba na barabara. Ubao huo ukigongwa kwa ncha ni mkuki, hakuna neno lingine.

Kwa hiyo wahandisi huyagonga masanduku haya makusudi. Chuo Kikuu cha Texas A&M, kwa mfano, kina uwanja wa majaribio kwenye kambi ya zamani ya ndege za kijeshi. Gari halina dereva. Huvutwa kwa kebo na kuachiliwa kabla kidogo ya kugonga, huku kamera za kasi kubwa zikirekodi na vipima mchapuko vikiwa ndani.

Mwongozo wanaoufuata, uitwao MASH, ulitoka 2009 na kurekebishwa 2016. Nguzo za aina hii hupimwa mara tatu: kwa gari dogo la kilo 1,100 likienda kilomita 30 kwa saa, kwa gari la aina hiyo hiyo likienda kilomita 100, kisha kwa pikapu ya kilo 2,270, nayo kwa kilomita 100. Unaweza kuuliza, hiyo 30 ni ya nini, si mwendo wa polepole tu? Piga hesabu. Nishati mwendo hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo gari dogo kwa kilomita 30 lina kilojuli 38 hivi, na kwa kilomita 100 lina karibu 424, yaani mara 11. Kwa mwendo mdogo swali ni kama gari litaweza kuing'oa au kuikunja nguzo, au litakwama ghafla na kumrusha aliye ndani. Kwa kasi kubwa nguzo itatoka tu. Hapo swali ni vipande vinaelekea wapi. Kioo kikibonyea zaidi ya inchi 3, au utando wa plastiki ulio kati ya tabaka zake ukichanika, nguzo imefeli.

Zinazopendekezwa ni nguzo ya mbao ya inchi 4 kwa 4 au bomba la inchi 2, lililozikwa si zaidi ya inchi 24, bila zege. Chini ilegee, lakini sanduku lenyewe lifungwe barabara kwenye nguzo, ili vyote viondoke pamoja.

Kinachoharibu mpango huu ni hasira, tena ya haki. Kuna vijana hupita usiku na gari wakiyapiga masanduku kwa gongo la besiboli. Mwenye nyumba akishabadilisha sanduku la tatu, anajenga nguzo ya matofali au anajaza zege ndani ya bomba. Gongo linashindwa, sawa. Lakini atakayeteleza kwenye barafu usiku huo huenda ni jirani yake.

Siku hizi wengi wanataka masanduku ya chuma yenye kufuli, kwa hofu ya wezi. Hayo ni mazito, na uzito ukiongezeka juu, mwendo wote wa sanduku hewani hubadilika. Nguzo iliyofaulu na sanduku jepesi la bati inabidi irudi uwanjani igongwe upya.