Kifafa cha tegu hakitoki kwenye sahani ya kitimoto

“Daktari, sisi nyumbani hatuli nguruwe. Huyu mtoto minyoo ya kichwani kaipata wapi?” Swali hili naulizwa kila mara, na anayeuliza huwa keshapata jibu lake: picha imekosewa, au mama kamlisha mtoto haramu kwa siri. Nimeona ndoa zikitikiswa kwa tuhuma hiyo, nami nimechoka kuizima kwa mtu mmoja mmoja.

Anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva, yenye vifuko vya lava, hupata tegu tumboni. Mnyoo huyo hurefuka mita kadhaa utumboni, mara nyingi mwenyewe asisikie lolote, huku pingili zake zikikatika na kutoka na choo. Pingili moja huweza kubeba mayai 50,000 hivi. Mayai hayo ndiyo asili ya maradhi ya ubongo, nayo hutoka kwa binadamu. Ukiyameza, lava huanguliwa, hupenya utumbo, hufuata damu, na wengine hujenga vifuko kichwani; hapo ndipo kifafa huanzia. Utayameza kwa mkono usiooshwa, kwa kachumbari, kwa maji ya kisima kilicho karibu na vichaka watu wanakojisaidia. Nguruwe naye huambukizwa hivyo hivyo, kwa kula kinyesi chetu.

Kwa hiyo asiyegusa nguruwe maisha yake yote yumo hatarini iwapo anayempikia ana tegu. Mwaka 1992 iliripotiwa kutoka New York habari ya wagonjwa wanne wa jamii ya Wayahudi wa Kiorthodoksi, watu ambao dini yao inawakataza nguruwe kama ilivyo kwa Waislamu. Chanzo kilichoelekea zaidi kilikuwa wafanyakazi wa nyumbani waliotoka Amerika ya Kusini na ya Kati, kwenye tegu huyu. Yule mama anayetuhumiwa hapa kwetu hana kosa lolote.

Wala si ugonjwa wa nadra. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba palipokithiri tegu huyu, kama asilimia 30 ya kifafa hutokana naye. Nchini Tanzania, Mbulu na Mbozi ni miongoni mwa sehemu zilizochunguzwa sana.

Na tafadhali, ukisikia “minyoo kichwani” usikimbilie duka la dawa kununua prazikwanteli. Dawa hiyo hufika hadi ubongoni, na lava wakifa kwa pamoja, ubongo huvimba kuwazunguka, na degedege huzidi. Mgonjwa anaweza kufa.

Fanya hivi: dawa ya kifafa kila siku, bila kukatiza; picha ya CT hospitali ya rufaa; dawa ya kuua lava, ikihitajika, itolewe na daktari pamoja na ya kuzuia uvimbe. Nguruwe wafungiwe bandani, choo kiwepo na kitumike, mikono ioshwe kwa sabuni, nyama iive hadi ndani. Kisha wote wanaokula chungu kimoja na mgonjwa wapimwe choo, akiwemo dada wa kazi, bila kumfokea. Mwenye tegu hutibiwa kwa niklosamidi, inayobaki utumboni, kisha huendelea kupika.