Fungu la Mama na Fungu la Baba katika Punje ya Hindi

Katika Surat Al-An'am Mwenyezi Mungu Mtukufu ametuzindua ya kuwa Yeye ndiye apasuaye mbegu na kokwa. Basi natuitazame punje ya hindi. Ndani yake umo mmea mchanga pamoja na akiba ya chakula chake. Na katika akiba hiyo mama hutoa mafungu mawili ya urithi, baba fungu moja.

Mwaka 1970 mtaalamu wa Marekani, Jerry Kermicle, alionyesha kuwa jeni fulani ya rangi ikitoka kwa mama, punje hukolea rangi nzima. Ile ile ikitoka kwa baba, punje huwa na madoadoa. Kumbe jeni hubeba alama ya mzazi aliyeileta!

Tena katika mmea mdogo uitwao Arabidopsis zimegunduliwa nyuzi fupi za RNA, zenye herufi 21 hadi 24, zinazosaidia kunyamazisha baadhi ya jeni na kutunza mizani ya wazazi. Fungu la baba likizidishwa maradufu, mbegu nyingi husinyaa zikafa.

Enyi vijana, mizani si usawa wa hesabu, bali ni kila mmoja kutimiza fungu lake. Ikiwa punje haisimami pasipo mizani, nyumba itasimamaje? Wabillahi tawfiq.